Mwaka Tuliofuma Waya

Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na sauti nzuri, lakini alisoma mbiombio kwa sababu wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Muyenga na turubai tuliloketi chini yake lilikuwa limetoboka. Alisema Mama Bahati alizaliwa Bukavu, akaja Kampala na watoto watatu, akaimba kwaya, akafuma masweta ya shule mpaka macho yalipomkatalia. Kisha akakunja karatasi, nasi tukaitikia. Nilikuwa safu ya tatu, kati ya wanakwaya wawili, nikahisi miguu inataka kusimama. Sikusimama. Msiba ulikuwa wa watoto wake, na mgeni hainuki kusahihisha karatasi ya wenye msiba. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilala na kuamka na mwaka mmoja uliorukwa katika ule wasifu, na kwa kuwa Afande Okello naye alishatangulia, sijui nani mwingine angeweza kuusimulia. Kwa hiyo nauandika mimi. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, miaka niliyofanya kazi Arusha. Mwaka ule nilikuwa na Kiswahili chetu cha Kampala, kinachoita kila kitu “hiyo” na kubadilisha l na r kadiri ulimi unavyopenda, na ndicho hichohicho tulichoelewana nacho sisi watatu, Mganda, mtu wa kaskazini na Mkongo, kwa kuwa lugha nyingine ya pamoja hatukuwa nayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na shahada ya uhandisi wa mawasiliano, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika karakana ya Afande Okello, Katwe, katikati ya mafundi wanaogonga masufuria na kuchomelea milango ya chuma. Afande alikuwa amestaafu jeshini, kitengo cha redio. Alikuwa mrefu, mpole, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii kitu, ndiyo maana ukitaka kumwambia neno ulizunguka kwanza upande wa pili. Alikuwa amebeba redio mgongoni karibu ujana wake wote, na wazo alilotoka nalo jeshini lilikuwa moja tu: dishi la satelaiti linalokunjwa kama mwavuli, likaingia katika mfuko mmoja, mtu mmoja akalibeba mgongoni mpaka zahanati ambayo mtandao wa simu haujafika, akalifungua, na mganga wa pale akaongea na hospitali kubwa. “Dishi ya bati inataka gari,” aliniambia siku ya kwanza, akinipa kiti ambacho zamani kilikuwa cha basi. “Na kule barabara hakuna. Lakini miguu ya mtu iko.”

Mbavu za dishi alikuwa amekwisha kuzitengeneza kwa aluminiamu, kumi na mbili, na zilifunguka vizuri sana. Kilichomshinda ni ngozi ya kuzivika. Ilibidi iwe metali, ili irudishe mawimbi, na wakati huohuo iwe laini kama kitambaa, ikubali kukunjwa mara mia bila kubaki na mikunjo. Matundu yake yasizidi punje ya ulezi, la sivyo mawimbi yanapenya na kwenda zake. Tulijaribu wavu wa waya wa madirishani, ule wa kuzuia mbu, na baada ya kukunjwa mara tatu ulikuwa kama karatasi iliyofinyangwa. Tulijaribu kitambaa kilichobandikwa karatasi ya fedha, kikapasuka kama udongo mkavu. Shirika moja la afya lilikuwa limeahidi kuja kuliangalia dishi hilo baada ya miezi mitano, na Afande alikuwa ameifunga ahadi hiyo moyoni namna ambayo ilinitia hofu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na shahada.

Nilimpata Mama Bahati kwa ajili ya dodoki. Nilikuwa nimekwenda Kansanga kumwona rafiki, tukaingia kula katika hoteli ndogo ya Wakongo nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba, benchi mbili na meza yenye kitambaa cha plastiki. Mwenye hoteli alikuwa anasugua sufuria mlangoni kwa lile dodoki la waya, na lilipochoka akalivuta kwa mikono miwili ili alikunje upya. Lilinyumbuka, kisha likarudi. Niliacha sahani yangu nikaenda kumwomba anionyeshe. Nikalivuta, nikaliachia, nikalivuta tena, nikamuuliza, “Hiyo wanatengeneza aje?” Mwenye hoteli alicheka tu. Aliyenijibu ni mama mmoja aliyekuwa akila kwenye benchi la pili, mnene kiasi, kitenge cha njano, miwani imefungwa kwa uzi. Alinyoosha mkono, akalichukua lile dodoki bila kuombwa, akalifungua kwa kucha kama mtu anayekagua nywele za mtoto.

“Hii ni kufuma,” akasema. “Angalia. Kitanzi, kitanzi, kitanzi. Ni sweta ya waya.”

“Mama, wewe unaweza kufuma hivi?”

“Kama mutu alifuma, mutu anaweza fuma,” akasema, akarudia samaki wake.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya hoteli ileile. Nakiona hata sasa kuliko vyumba vingi nilivyowahi kulala. Dirisha moja, na chini yake mashine ya kufumia, ndefu kama kitanda cha mtoto, sindano zake zimepangwa kama meno ya kitana, na juu yake kigari kinachosukumwa kwa mkono kwenda na kurudi. Masweta ya shule yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, ya damu ya mzee, ya kijani, ya buluu, na chumba kizima kilinukia sufu na mshumaa, kwa sababu alipitisha uzi kwenye mshumaa ili uteleze. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao tupu, na ng’ambo yake ilikuwa baa. Tulifanya kazi tukisikiliza maisha ya watu: mwanamume aliyekuwa akiacha pombe kila Jumatatu, mhudumu aliyewasimulia wateja wake kuhusu mchumba wake wa Juba, na jioni moja mtu fulani akiuliza, “Kwani yule mama anafuma nini siku hizi, mbona inalia kri-kri?” na mhudumu akamjibu kwa utulivu, “Anafuma chandarua cha chuma. Wanasema huko Kongo mbu ni wakubwa.” Mama Bahati alisimamisha kigari, akacheka bila sauti mpaka miwani ikaanguka mapajani.

Waya tulipata Katwe, kwa mafundi wa kusuka mota. Ulikuwa shaba nyembamba kama nywele, unang’aa rangi ya asali. Wiki ya kwanza ulikatika kila baada ya mistari mitano, na sindano nane zilivunjika. Mimi ningekata tamaa. Yeye alizihesabu zile sindano, akazifunga kwenye kitambaa, akaanza kubadilisha kimoja kimoja: kwanza uzito unaoning’inia chini ya kitambaa, kisha mwendo wa mkono, kisha urefu wa kitanzi. Alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa na kusikiliza mashine, na kabla waya haujakatika yeye alikuwa ameshasimama. Mwisho wa wiki ya pili kitambaa kilikuwa kinashuka chini ya mashine kama maji, chepesi, kina joto la rangi, na nilipokifumbata ngumini na kufungua mkono kilijikunjua chenyewe. Nimeona maabara nyingi tangu hapo. Sijaona kitu kilichonifanya ninyamaze vile.

Ni katika wiki hiyo aliponiuliza swali moja. Alikuwa amekwangua ncha ya waya kwa wembe na kuishika kwenye mwanga wa dirisha. “Prosi,” akasema, “hii waya imevaa nguo. Ndani iko na rangi ingine. Nguo yake haiwezi leta matata?” Mimi nilikuwa nachora vipimo vya vipande kwenye daftari, na sikuinua kichwa. “Hapana shida, Mama. Ni kopa tu, hiyo shaba.” Akaniangalia kidogo. Kisha akarudi kwenye kigari, kwa sababu nilikuwa injinia.

Alifuma wiki sita. Vipande kumi na viwili vya pembetatu, akavishona kwenye mbavu pale Katwe kwa mkono, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa huku mafundi wakija kutazama. Tulipolielekeza dishi mahali satelaiti ilipo, mshale wa mita ulisogea kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini, ukalala. Dishi la bati la zamani, pamoja na kutu yake, lilikuwa linatupa mara nyingi zaidi. Afande alikaza mbavu, akalegeza mbavu, akapima upya umbo zima kwa uzi. Siku mbili. Siku ya tatu, yeye akiwa amekwenda kununua skrubu, nilichukua mita ndogo ya umeme, nikagusa kitanzi kimoja kwa ncha hii na kitanzi cha jirani kwa ncha ile. Kimya. Nikakwangua vyote viwili kwa wembe, nikagusa tena. Mita ikalia. Waya wa mota hupakwa vanishi ili umeme usiruke kutoka uzi hadi uzi, na kila anayetoka chuo chochote anajua hilo. Wavu wetu ulikuwa maelfu ya vitanzi vinavyogusana bila kugusana. Niliketi juu ya tairi nikalitazama lile dishi zuri.

Ningependa kuandika kwamba nilisema palepale. Afande aliporudi alisimama mbele ya dishi, mikono kiunoni, akasema, “Labda yule mama alifuma vibaya. Yeye ni mutu ya masweta. Tutafuta mwingine.” Sikio lake zima lilikuwa upande wangu. Nilikuwa na nafasi yote duniani. Nikasema, “Labda.” Nilikwenda nyumbani na neno hilo, nikala nalo, na kesho yake asubuhi nilimzungukia Afande akiwa anapasha chai, nikamweleza yote, pamoja na swali la Mama na jibu langu. Hakunifokea. Alimimina chai ndani ya vikombe viwili, akanipa kimoja. “Enda ukamwambie,” alisema. “Mimi nilisema neno mbaya juu yake, na yeye hakusikia. Lakini wewe enda, jibu yako alisikia.”

Nilimkuta anasonga bugali, ugali wa kwao. Nilisimama mlangoni, nikaanza kueleza kuhusu vanishi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyotumia maneno makubwa zaidi. Yeye aliendelea kugeuza mwiko.

“Niliuliza,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Na ulinijibu.”

“Ndiyo. Sikupima. Nilijibu tu.”

Akaipua sufuria, akapakua bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani mbili, akaniwekea moja. Tulikula. Ng’ambo ya mbao yule mwanamume alikuwa anaacha pombe tena. Tulipokwisha kunawa, Mama Bahati akasema kwa sauti ileile ambayo angesemea urefu wa mkono wa sweta, “Kuanzia leo, mimi nikiuliza kitu, usinijibu palepale. Enda upime. Ukisha pima, njo unijibu.” Halafu akauliza zimebaki wiki ngapi. Zilikuwa zimebaki saba, na muhula wa shule ulikuwa unakaribia, wakati ambao mafundi wa masweta hawalali. Alivaa viatu, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu aliyekuwa amempa oda, akamwambia masweta yatachelewa wiki mbili. Mengine akawagawia jirani zake wawili. Nilimfuata nyuma kama mtu anayesindikizwa.

Safari hii waya ulitoka Nairobi, kwa mfanyabiashara Mkenya wa vifaa vya umeme, shaba iliyopakwa bati, tupu bila vanishi. Ulikuwa mkaidi kuliko wa kwanza. Ulishika sindano, ukagoma, ukakatika. Siku ya pili akaupitisha kwenye mshumaa, ukateleza vizuri, kisha akausimamisha mkono. “Na mushumaa,” akauliza, “mushumaa nayo si nguo?” Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilichukua kipande, nikaenda nacho Katwe, nikapima, nikarudi mchana wakati wa jua kali, nimelowa jasho. “Ni nguo, Mama. Lakini ukiosha na maji ya moto na sabuni inatoka yote. Nimepima mara tatu.” Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya bugali. “Sasa uko injinia,” akasema, na sikumbuki cheti kilichowahi kunipa furaha ya namna ile.

Hakuacha kuuliza, nami sikuacha kupima. Nilijifunza kwamba maswali yake yalikuwa na elimu ya miaka thelathini ndani yake, ila yalitoka mdomoni kama ya mtu anayeuliza njia. Aliuliza kwa nini kitambaa kinafura kati ya mbavu mbili, kama tumbo. Nilikuwa na milinganyo kuhusu hilo, kurasa nne. Yeye alichukua sweta la mtoto, akalivuta kutoka juu kwenda chini, halikwenda mbali. Akalivuta kwa upana, likaenda karibu mara mbili. “Tumeikata imesimama,” akasema. “Tuilaze. Upande yenye kuvutika ikae kwa mbavu, ile ngumu ipite katikati.” Tena alinikataza kukata kitambaa kikitoka tu kwenye mashine. Alikiosha, akakitandaza kitandani mwake, akalala yeye na watoto sakafuni siku mbili. “Acha ipumzike. Sweta ukishona leo, kesho inabadilika.” Tuliposhona vile vipande upya, Afande alipitisha uzi wake wa kupimia juu ya uso wa dishi, akarudia, akavua kofia, akamwambia, “Mama, mimi nilisema wewe hujui kazi. Nilisema kwa huyu, wewe hukusikia. Nisamehe.” Mama Bahati alikuwa na uzi mdomoni. Aliutoa, akasema, “Hata mimi ningesema vile, Afande. Shika hapa.”

Niseme sasa yaliyofuata, ili nisimalizie nayo. Shirika lilichukua madishi manane. Mama Bahati aliwafundisha wanawake wanne, na kwa miaka michache chumba kile cha Kansanga kilifuma waya asubuhi na masweta mchana. Kisha minara ya simu ikafika kila kilima, madishi ya kukunja yakakosa kazi, na Afande akarudia kutengeneza antena za paa. Mimi nilikwenda Arusha. Nilipokuwa nikirudi likizo nilipita kumsalimia Mama, si mara nyingi kama nilivyopaswa, na tuliongea kuhusu watoto wake kuliko waya. Hakuna karatasi yenye jina lake mahali popote. Michoro ina jina langu.

Siku ya majaribio walikuja watu watatu wa lile shirika, asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana. Walitaka dishi likunjwe na kufunguliwa mara kumi, na kila mara mita isomwe. Afande alifungua na kukunja mwenyewe, kama askari katika gwaride. Mimi nilisoma mita. Mama Bahati alikaa nyuma ya dishi, kwenye ile ndoo yake, ndoano ya kufumia mkononi, akikagua mishono kila lilipofunguka. Mara ya kwanza mshale ulipanda ukapita lile dishi la bati, nikausoma kwa sauti. Mara ya tano ulikuwa palepale. Mara ya kumi ulikuwa palepale. Mkubwa wa wale wageni, mama mmoja mwenye mvi, alikuja karibu akagusa wavu kwa kidole, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini mistari ya ufumaji imelala badala ya kusimama. Jibu nilikuwa nalo, na lingekuwa jibu zuri. Nikasema, “Aliyeamua hilo ni yule pale,” nikaenda kumwita, nikatafsiri. Walizungumza nusu saa. Mama Bahati aliomba sweta la mgeni, yule mgeni akalivua bila kusita, akaonyeshwa kwa sweta lake mwenyewe.

Walipoanza kuagana, Mama akamshika Afande mkono wa shati. “Fungua tena,” akasema.

“Mama, imekwisha. Wamekubali.”

“Mimi nilikuwa nyuma siku zote. Sijaiona kwa mbele.”

Afande akalikunja, akarudi hatua, akavuta kamba. Mbavu kumi na mbili ziliinuka, na wavu ukatandazika kimya, ukashika jua lote la saa tano, rangi ya maziwa na fedha, bila mkunjo. Wale wageni walisimama. Mafundi wa jirani waliacha kugonga. Mama Bahati alisimama mbele yake, mikono nyuma, miwani yake imejaa mwanga. Nilisogea karibu nikidhani analia. Alikuwa anahesabu.

“Kipande ya saba,” akasema, “mustari wa juu. Iko kitanzi moja imelala.”

Hakuna aliyekiona. Mita haikuwa imekiona. Akatembea mpaka pale, akaingiza ndoano, akakiinua kile kitanzi kikakaa na wenzake, akalainisha kwa kidole gumba. Kisha akaturudia, akamwambia Afande, “Sasa funga,” akachukua kikapu chake, kwa kuwa kule Kansanga masweta ya buluu yalikuwa bado hayajaunganishwa mikono.